Leseni imelipiwa pamoja na mashine, toleo jipya lisiiue

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo utaona mashine nyingi zimelazwa kifudifudi. Mnunuzi anaigeuza laptopu, anatazama mgongo wake, anasoma stika ndogo iliyochubuka yenye herufi na tarakimu ishirini na tano zilizopangwa mafungu matano, kisha anauliza swali ambalo nimelisikia karibu mara nyingi sawa na swali la bei: "Hii ni Windows 7 orijino. Nikiweka 10, itakubali?"

Muuzaji hujibu haraka, na jibu hutegemea meza uliyosimama. Mmoja atasema inakubali bila shida. Jirani yake atacheka na kusema stika hizo siku hizi ni pambo tu. Wa tatu hatajibu swali kabisa, atasema, "Bosi, we chukua mashine, Windows tutakupigia bure." Wote watatu wana kipande cha ukweli mkononi, na katikati ya vipande hivyo mteja anapotea.

Niseme msimamo wangu mapema. Mtu aliyenunua mashine pamoja na leseni yake halali anastahili kuitumia leseni hiyo katika mashine hiyohiyo, toleo lipande au lishuke, mpaka mashine ife. Na mtu anayechukua ufunguo huohuo mmoja akautia kwenye kompyuta ishirini za ofisi yake, anaiba. Haya ni mambo mawili, lakini sisi tumeyatia kapu moja. Matokeo yake mwenye haki anajiona mwizi na mwizi anajiona mjanja.

Stika ilikuwa na nguvu kweli

Tuanze na yule muuzaji aliyesema inakubali, maana hakulitoa hilo hewani. Windows 7 iliingia sokoni Oktoba 2009, na kompyuta nyingi za ofisi zilizouzwa Ulaya na Marekani miaka ile, hizihizi ambazo baadaye zilikuja kwetu kwa makontena, zilitoka kiwandani na stika yake mgongoni. Tarehe 29 Julai 2015 Microsoft, kampuni yenye makao yake Redmond katika jimbo la Washington, ilitoa Windows 10 na kutangaza kwamba mwenye Windows 7 au 8.1 halali anaweza kupanda bure ndani ya mwaka mmoja. Novemba mwaka huohuo ilirahisisha zaidi: ungeweza kufuta diski nzima, ukasakinisha Windows 10 upya, kisha ukaandika ule ufunguo wa zamani wa 7, 8 au 8.1. Seva za kampuni ziliupokea, zikaiamilisha mashine na kuipa leseni ya kidijitali. Kuanzia hapo stika haikuwa na kazi tena, kwa kuwa seva ilikuwa imeishika mashine kwa vifaa vyake, hasa ule ubao mkuu ambao mafundi wetu huuita mazabodi.

Ofa ilifungwa 29 Julai 2016. Ilifungwa kwenye karatasi. Seva ziliendelea kupokea funguo za Windows 7 mwaka 2017, zikaendelea 2018, zikaendelea hata baada ya Windows 7 yenyewe kukatiwa huduma Januari 2020, na hata baada ya Windows 11 kutoka Oktoba 2021. Mafundi wa dunia nzima walilijua hilo. Kampuni nayo ingeshindwaje kulijua, ilhali seva ni zake?

Miaka saba karatasi ilisema hapana na seva ikasema ndiyo. Kisha Septemba 2023 likatoka tangazo fupi, lililoelekezwa zaidi kwa watengenezaji wa kompyuta kuliko kwa mimi na wewe, kwamba njia ile sasa imeondolewa. Mashine zilizokwisha kuamilishwa hazikuguswa. Ambazo zilikuwa bado, zikabaki na stika isiyofungua kitu.

Ni sawa na mwenye nyumba aliyekuambia mkataba wako umekwisha, akakuacha ukae miaka saba bila kugusia habari hiyo, akikutana nawe anakusalimia vizuri, halafu siku moja ukiwa kazini akabadilisha kitasa. Mahakamani huenda akashinda. Lakini mtaani watu watamwelewaje?

Na tusijifanye hatujui kwa nini kitasa kiliachwa wazi. Mwaka 2015 kampuni ilijiwekea lengo la kuwa na Windows 10 kwenye vifaa bilioni moja ndani ya miaka miwili au mitatu. Ilichelewa, idadi hiyo ilitangazwa kufikiwa Machi 2020. Kila fundi wa Kariakoo, Luthuli ya Nairobi au Kampala aliyeingiza ufunguo wa zamani na kupata mashine ya Windows 10 alikuwa anasaidia hesabu hiyo. Ahadi ni deni, wahenga walisema, na mwenendo wa miaka saba mbele ya macho ya wote ni ahadi, hata kama wanasheria hawakuuandika. Aliyefaidika na mlango wazi alipaswa angalau kupiga hodi kabla ya kuufunga, akatoa muda, akawaambia wenye stika: mna miezi sita, zipandisheni mashine zenu.

Kampuni yenyewe haijawahi kuamini ufunguo ni wa toleo moja

Kuna watu, na baadhi ni wataalamu wenye vyeti, wanaosema hakuna cha kulalamika: ufunguo wa Windows 7 ni wa Windows 7, wa 10 ni wa 10, mwenye kutaka jipya alipe upya. Wanasema hivyo kana kwamba ni sheria ya maumbile. Historia ya bidhaa yenyewe inawakatalia.

Tazama leseni za daraja la Pro zinazokuja na mashine kutoka kiwandani. Zina haki ya kushuka iliyoandikwa kwenye mkataba. Aliyenunua kompyuta yenye Windows 8 Pro aliruhusiwa kutumia Windows 7 Professional badala yake, na mwenye Windows 11 Pro ya kiwandani anaruhusiwa kurudi Windows 10 Pro. Ofisi nyingi za Ulaya zilifanya hivyo kwa sababu zilikuwa zimezoea matoleo ya zamani. Kumbe leseni moja inaweza kubeba matoleo mawili bila mbingu kuanguka. Tazama pia kifurushi cha familia cha Windows 7 cha mwaka 2009, kilichouzwa Marekani kwa dola 149.99: ufunguo mmoja, kompyuta tatu za nyumba moja. Na hadi leo kupanda kutoka Windows 10 kwenda 11 hakuna malipo, mradi mashine iwe na sifa.

Mpaka ambao kampuni imeulinda kwa ukali zaidi ni wa daraja. Hapa ndipo mafundi wengi huchanganya mambo, kisha lawama zikaenda kwa stika. Ufunguo wa Windows 7 Home Premium ulifungua Windows 10 Home, haukufungua Pro. Ufunguo wa Professional au Ultimate ulifungua Pro. Ule wa Enterprise, wa makampuni makubwa, haukuwemo kwenye ofa. Ukiwa na ufunguo wa Home ukasakinisha Pro, seva itaukataa, na fundi asiyejua atakuambia ufunguo wako ni feki. Suala la biti 32 au 64, ambalo watu huliogopa bure, halikuwahi kuwa tatizo: ufunguo ni uleule.

Hapo kale mambo yalikuwa mepesi kwa namna ya kuchekesha. Windows 95 haikuwa na seva ya kuuliza. Ilijumlisha tarakimu fulani za ufunguo na kuangalia kama jumla inagawanyika kwa saba. Ndiyo maana mtu aliyeandika moja, moja, moja mpaka mwisho alikaribishwa ndani. Ni Windows XP ya mwaka 2001 iliyoleta utaratibu wa kuithibitisha mashine kwa kampuni, na hata hiyo ufunguo wake mmoja wa makampuni ulivuja kabla programu haijafika madukani, ukazunguka dunia nzima mpaka ukafungiwa. Naelewa basi kwa nini kampuni imekuwa na wasiwasi. Wasiwasi huo ulitokana na ufunguo mmoja kwenye mamilioni ya mashine. Haukutokana na mama mwenye laptopu moja aliyepanda kutoka toleo la saba kwenda la kumi.

Fundi anatupa leseni bila kujua

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa hasara hii ni yetu wenyewe na hakuna wa Redmond wa kumlaumu.

Tangu Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, watengenezaji wakubwa waliacha kuchapa ufunguo kwenye stika. Unahifadhiwa ndani ya chipu iliyo kwenye mazabodi. Ukiitazama mgongo mashine ya namna hiyo utaona labda nembo ya Windows tu, bila herufi ishirini na tano. Ufunguo upo, ila haukuandikwa pa kusomwa na macho. Ukifuta diski, upo. Ukibadilisha diski ukaweka ya kasi zaidi, upo. Kwa mashine iliyozaliwa na Windows 10 au 11, ukisakinisha daraja lilelile lililotoka kiwandani, programu inauchukua yenyewe, na mashine ikiingia kwenye intaneti inaamilika bila mtu kuandika chochote.

Sasa nini hutokea mtaani? Mwanafunzi ananunua laptopu ya mtumba iliyozaliwa na Windows 10 Home. Leseni yake halali imo kwenye chipu, imelipiwa na mtu wa Manchester au Hamburg miaka sita iliyopita. Muuzaji ana flashi yake yenye Windows 10 Pro, kwa sababu jina Pro linapendeza na kwa sababu flashi ni hiyohiyo moja kwa mashine zote. Anapiga Pro juu ya mashine ya Home. Daraja halioani, mashine inadai ufunguo. Fundi haulizi kwa nini. Anafungua folda nyingine kwenye flashi, anazima kinga ya virusi, anaendesha programu ya kuchakachua, na maandishi ya kudai ufunguo yanatoweka. Mteja anaondoka akiwa na furaha. Amenunua mashine yenye leseni halali, ametoka na ya wizi, na hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na chaguo.

Nikiwauliza mafundi kwa nini hawaangalii kwanza, wengi hujibu kwa uaminifu kwamba hawakufundishwa, na baadhi husema mteja hapendi kusubiri. Sababu ya pili siipokei. Kusakinisha Home kunachukua muda uleule wa kusakinisha Pro. Tena kwa kazi za nyumbani na za steshenari, yaani kuandika, kuchapa, kuingia mtandaoni na kutazama filamu, Home haipungukiwi na kitu ambacho mteja huyo angekitumia.

Kuna na hili: mashine iliyozaliwa na Windows 7 au 8, lakini ikawahi kuamilishwa kwa Windows 10 huko ilikotoka kabla mlango haujafungwa, bado ina leseni yake ya kidijitali kwenye kumbukumbu za seva, ilimradi mazabodi haijabadilishwa. Njia ya kujua ni nyepesi: sakinisha daraja linalolingana, ingia kwenye intaneti, subiri. Nimeona mashine zikikubali pale ambapo muuzaji alikuwa ameapa haziwezi.

Hasara inavyoingia nyumbani

Msomaji atauliza, kwani kuna ubaya gani? Windows iliyochakachuliwa inafungua, inaandika, inachapa. Kwa siku ya kwanza ni kweli.

Programu nyingi za kuchakachua hujifanya seva ya ofisi. Makampuni makubwa huwa na seva yao ya ndani ambayo kompyuta zao huripoti kwake na kuongezewa uhai wa siku 180 kila mara. Programu ya mchakachuaji inaigiza seva hiyo ndani ya mashine yako. Ili ifanye hivyo inahitaji mamlaka yote ya mfumo na inahitaji kinga izimwe. Yaani unampa mtu usiyemjua funguo zote za nyumba, unamfungia mbwa, halafu unalala. Mwishoni mwa 2021 watafiti wa usalama wa kampuni ya Red Canary ya Marekani walieleza jinsi visakinishi bandia vya programu maarufu ya aina hiyo vilivyokuwa vikipandikiza kirusi cha kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari pamoja na pochi za fedha za mtandaoni.

Halafu fundi, akiogopa masasisho yatamharibia kazi, huyazima. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa kila mashine ili yafunguliwe. Dawa yake ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla, mwezi Machi. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7 isiyosasishwa, na hospitali za Uingereza zilifikia kuahirisha miadi ya wagonjwa. Mashine iliyozimiwa masasisho ingeipataje dawa hiyo?

Sasa ifikirie steshenari ya mtaani kwako. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, vijana wanapanga foleni pale. Wanaacha vyeti vya kuzaliwa, namba za kitambulisho cha taifa, vyeti vya vifo vya wazazi, namba za simu za wadhamini. Mwenye duka anaingia kwenye akaunti zao kwa nywila wanazomtajia kwa sauti, na kivinjari kinazihifadhi. Jioni anatuma ritani za kodi za wafanyabiashara wa jirani kutoka kwenye mashine hiyohiyo. Mashine hiyo ikiwa na mgeni ndani, aliyeibiwa si mwenye duka peke yake. Ni mtaa mzima, na hakuna atakayejua mwizi alipitia wapi. Flashi za wateja nazo zinabeba virusi kurudi navyo nyumbani, kwenye kompyuta ya baba mwalimu yenye mitihani ya shule.

Ndiyo maana nasema kufunga njia ya funguo za zamani hakukuwa jambo la kibiashara tu. Mwenye stika halali aliyekataliwa na seva hakuinuka kwenda kulipa dola 139, bei rasmi ya Windows Home nchini Marekani. Hiyo ni zaidi ya laki tatu za shilingi ya Tanzania, fedha ambayo mtaani inaweza kukupa laptopu nyingine ya mtumba. Atalipa bei ya mashine kwa ajili ya ruhusa ya kuiwasha? Aliinuka kwenda kwa mwenye flashi.

Ufunguo umekubaliwa, mashine imekataliwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida. Windows 11 ni bure kwa mwenye leseni ya 10, lakini inataka mashine yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache. HP EliteBook 840 G3 na Dell Latitude E7470, mashine imara zilizojaa sokoni kwetu, zina kizazi cha sita. Leseni ni halali, ufunguo unaoana, seva haina kinyongo. Kinachokataliwa ni mwili.

Kuna nafuu ya muda. Kampuni ilitangaza masasisho ya ziada ya usalama kwa watu binafsi mpaka Oktoba 2026, kwa dola 30, au kwa kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya kampuni, au kwa pointi 1,000 za mpango wake wa zawadi. Na angalia hili kwa makini: malipo hayo ya mara moja yanahudumia hadi vifaa kumi vya akaunti moja. Kampuni ileile ambayo tunaambiwa haiwezi kuvumilia ufunguo mmoja kuvuka mipaka, imetoa leseni moja ya vifaa kumi. Kwa nchi za Ulaya zilizo katika eneo la pamoja la kiuchumi, baada ya vyama vya watumiaji kubana, masharti yalilegezwa, na watu wanapata huduma hiyo bila malipo. Mwalimu wa Lisbon ana laptopu sawa na ya mwalimu wa Mbeya. Tofauti yao ni kwamba wa Lisbon ana chama cha kumsemea. Sisi tuna Tume ya Ushindani na tuna baraza la kumtetea mlaji. Ningependa kusikia sauti zao kwenye leseni za programu kama tunavyozisikia kwenye bidhaa bandia.

Kwa asiyetaka habari za funguo kabisa, ipo Linux. Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, haina ufunguo, toleo lolote, mashine yoyote. Inaipa EliteBook ya zamani miaka kadhaa zaidi. Inataka uvumilivu wa kujifunza, na mwenye programu za mahesabu zilizotengenezwa kwa Windows pekee atasumbuka. Apple nayo iliacha kuuza matoleo mapya ya mfumo wake mwaka 2013, ikayatoa bure kwa wenye mashine zake. Haikufilisika.

Ofisi yenye ufunguo mmoja

Nimemtetea mwenye mashine moja. Sasa nimgeukie meneja anayejisifu kwamba "tulinunua moja tukaweka kwenye zote."

Huyo simtetei. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Kampuni inayotoza ada, inayolipa kodi ya pango ya mamilioni, inayoagiza magari, haiwezi kusema leseni ya kompyuta ni anasa. Shule binafsi yenye maabara ya kompyuta arobaini na ufunguo mmoja inawafundisha watoto somo ambalo halimo kwenye mtaala. Tena kwa shule zipo bei maalumu, na kwa mafundi wanaofufua kompyuta kwa wingi Microsoft imekuwa na mpango wa usajili unaowapa leseni kwa mashine za mtumba. Waagizaji wetu wakubwa wana uwezo wa kuuulizia.

Na wale wanaouza funguo mtandaoni kwa dola mbili tatu? Asili ya biashara hiyo ni ya kuvutia. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi kati ya Oracle na kampuni ya Ujerumani iitwayo UsedSoft, ikasema aliyenunua leseni ya kudumu anaweza kuiuza kwa mwingine kama mali yake, hata kama programu ilipakuliwa mtandaoni. Uamuzi mzuri. Lakini mahakama iliweka masharti: muuzaji lazima aache kabisa kuitumia nakala yake, na leseni ya kundi haiwezi kukatwakatwa vipande. Funguo nyingi za dola mbili zimekatwa kwenye leseni za kundi, au zilinunuliwa kwa kadi za wizi. Zinaamilika leo, zinafungiwa baada ya miezi michache, na muuzaji hapokei tena ujumbe. Rahisi ikawa ghali.

Majaji wale wa Ulaya, kwa maneno yao ya kisheria, waliuchora mpaka palepale ninapouona: leseni ni mali ya aliyeilipia, anaweza kuishika au kuiuza, lakini haizai.

Nini kifanyike

Kampuni ifungue dirisha la mwisho, hata la mwaka mmoja, kwa mashine zenye stika halali ambazo hazikuwahi kupandishwa. Itapoteza nini? Wenye mashine hizo hawakuwa wanunuzi wa dola 139. Watabaki kuwa watumiaji wenye masasisho badala ya kuwa daraja la virusi kupitia kwenda kwa wengine.

Waagizaji na wauzaji waandike. Kwenye risiti ya EFD tunasoma "laptop" na bei, basi. Kwenye karatasi ya dhamana iongezwe mistari miwili: daraja la leseni iliyomo kwenye mashine, na kama imeamilishwa kihalali siku ya kuuzwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na leseni zetu zimekuwa zikipotea hivyo, moja moja, mezani kwa fundi. Vyuo vya ufundi vinavyotoa vyeti vya matengenezo ya kompyuta viweke somo la leseni kwenye wiki ya kwanza, kabla ya somo la kufungua skrubu.

Nawe unayekwenda dukani Jumamosi hii, usikubali neno "tutakupigia bure" kabla hujauliza: mashine hii ilizaliwa na Windows gani, daraja gani? Mwambie fundi asakinishe daraja hilohilo, aiunganishe na intaneti mbele yako, afungue Mipangilio kisha ukurasa wa uamilishaji. Ukisoma hapo kwamba Windows imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali, na hukumwona akizima kinga ya virusi wala kufungua folda nyingine kwenye flashi yake, lipa. Akianza kuhangaika na folda hiyo, chukua fedha yako uende meza inayofuata.